Kabla ya Kutoboa Fenda

Fundi akimaliza kukata tundu la mkonga, lile bomba linaloipa injini hewa kutoka juu, kwenye fenda ya Land Cruiser, ukingo wa bati unabaki unang'aa kama sarafu mpya. Hapo ndipo pa kukaza macho. Akiuchukua mkonga na kuufunga papo hapo, kazi itaonekana imekwisha, mteja atalipa na kuondoka anatabasamu. Lakini bati lililokatwa halina rangi wala kinga yoyote, na hewa ya Tanga ina chumvi. Kusi likianza kuvuma kutoka baharini, kutu inazaliwa kwenye ukingo ule, inatambaa chini ya rangi kimyakimya, na siku inapotokeza nje kama kilengelenge, ndani bati limeshakuwa kama kaki.

Vikorombwezo vingi vinavyouzwa kwa ajili ya magari ya porini havina ubaya wowote. Kinachoua gari ni namna vilivyoshikizwa: tundu lisilopakwa rangi, waya uliosokotwa na kuviringishwa tepu, uzito ambao hakuna aliyewahi kuujumlisha. Gari la Dodoma linaweza kusamehe makosa hayo miaka kadhaa. La hapa leo limelala Chumbageni, kesho liko kwenye utelezi mwekundu wa Muheza kupanda Amani, keshokutwa linakanyaga mchanga wa pwani ya Saadani. Halisamehi.

Nitasema zaidi kuhusu Land Cruiser za familia ya 70, hardtop na pikapu zenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo. Ndizo watu wamefika mahali pa kuziita "mkonga" gari zima, kwa jina la bomba lile la hewa. Mwenye Hilux au Prado atayakuta mengi yanamhusu.

Tuanze na huo mkonga. Bandika kiolezo cha karatasi kwenye fenda, kisha kabla ya kugusa drili ingiza mkono na tochi nyuma ya bati. Kuna nyaya zinapita, kuna waya wa antena, wakati mwingine kuna chupa ya maji ya waipa. Piga alama kwa kikonzo ili biti isiteleze, toboa kwanza kwa biti ya milimita 3, ndipo ulete msumeno wa duara. Drili iende polepole, na tone la oili. Ukimaliza, usiache unga wa chuma juu ya rangi: umande wa usiku mmoja unatosha kuugeuza madoa ya kahawia yasiyofutika. Upulize, kisha futa kwa kitambaa kibichi, na ndani ya fenda pia.

Ukingo unapigwa tupa hadi usikwaruze kidole, unafutwa kwa thina, halafu unapakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Ile nyekundu ya redoksaidi inafaa, yenye zinki ni bora zaidi. Iache ikauke kabisa, kisha rangi ya gari juu yake. Vitundu vya bolti navyo vivyo hivyo. Kazi hii inakula nusu siku ya kusubiri, na ndiyo maana gereji nyingi zinairuka.

Halafu kuna suala la silikoni, ambalo watu hawalijui. Ile ya bei rahisi ya kuzibia masinki na madirisha, ukiifungua inanuka siki, na harufu hiyo ni asidi inayotoka inapokauka. Ukiipaka kwenye bati tupu unakuwa umeipa kutu mbegu na maji kwa pamoja. Tafuta isiyonuka siki. Kama dukani huwezi kusoma maandishi, minya kidogo unuse.

Bomba la mpira kutoka mkonga kwenda kwenye eya klina lifungwe klipu mbili, moja kila upande. Chini ya boksi la eya klina kuna kidude cha mpira chenye mdomo kama wa bata, kazi yake ni kutoa vumbi na maji. Mpira huo ukizeeka unabaki mdomo wazi, na mkonga wako wote unakuwa pambo, maana maji yataingilia chini. Ukiwa mgumu au umechanika, badilisha.

Sasa jaribu. Washa injini, iache sailensa bila kukanyaga mafuta, kisha ziba mdomo wa mkonga kwa kiganja au kipande cha ubao, si kitambaa, kwa sababu kitavutwa ndani. Injini inatakiwa ikohoe na kuzima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea, inapata hewa mahali pengine, na pale inapopata hewa ndipo itakapopata maji. Ikiwa ndivyo, fungua eya klina na pitisha kidole ndani ya bomba la upande safi, baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, filta haikai sawa au bomba limepasuka chini ya klipu.

Kuhusu kwa nini yote haya: maji hayagandamizwi. Injini hii inabana hewa kwa uwiano wa zaidi ya 22 kwa 1, hivyo kikombe cha maji kikiingia kwenye silinda moja, pistoni inayagonga maji hayo kama ukuta na fimbo yake inapinda. Hiyo si kazi ya kijiweni tena.

Hata mkonga uliofungwa vizuri namna gani hauigeuzi Land Cruiser kuwa mashua. Wanaosahaulika ni wapumuaji wa chini. Difu ya mbele, difu ya nyuma, gia boksi na transfa, kila kimoja kina kipumulio kidogo juu yake. Gari likitoka mbio likiwa na difu ya moto kisha likatumbukia kijitoni, hewa iliyo ndani ya difu inapoa ghafla na kusinyaa, nayo inavuta chochote kilicho karibu. Kipumulio kikiwa ndani ya maji kitavuta maji. Kikiwa kimeziba kwa tope ni mabaya zaidi, kwa sababu maji yatapenyezwa kwenye sili za akseli, na ukitazama nje huoni kitu.

Dawa yake haifiki bei ya tairi moja. Ondoa vipumulio vya asili, weka nipeli ya kushikilia mpira, vuta mpira wa mafuta wenye uwazi wa milimita 8 hadi juu ndani ya boneti, karibu na ukuta wa kioo. Ule wa nyuma uachie mpira wa ziada kati ya akseli na chasisi, maana akseli inashuka sana gari likiwa hewani upande mmoja. Wengi wanaufunga umenyooka, siku ya kwanza ya kuvuka mtaro unachomoka, na mwenye gari anaendelea kuamini amelindwa. Mwisho wa mpira uelekeze chini, uwekee kifilta kidogo cha petroli ili nyigu wasijenge humo. Nyigu si mzaha.

Kama gari limeshapita majini kabla hujafanya hayo, liache usiku kucha bila kuguswa. Maji ni mazito kuliko oili, yatatuama chini. Asubuhi legeza nati ya kumwagia taratibu, ya spana 24, na pokea matone ya kwanza kwenye kifuniko cheupe. Maji matupu yakitangulia, au oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote. Na kabla ya kumwaga, fungua kwanza nati ya kujazia. Ikigoma, bora ujue mapema kuliko kubaki na difu tupu usiyoweza kuijaza. Jaza oili ya difu ya GL-5, 85W-90, hadi ianze kumwagika kwenye mdomo wa tundu la kujazia, gari likiwa pahali tambarare.

Umeme ndio unaoleta magari mengi kijiweni yakiwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Chukua taa mbili za halojeni za wati 55 kwenye ngao, ile fremu ya chuma mbele ya gari. Jumla wati 110, gawa kwa volti 12, unapata ampea 9 na ushee. Ukitumia waya mwembamba wa milimita moja ya mraba kutoka betri hadi kwenye ngao, mita nne hivi, unapoteza karibu theluthi mbili za volti moja njiani. Inaonekana si kitu, lakini halojeni ina wivu: volti ikipungua asilimia 5, mwanga unapungua karibu asilimia 16. Waya wa milimita 2.5 unapoteza robo volti tu. Watu wananunua taa kubwa zaidi wakati walichohitaji ni waya mnene.

Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu na betri, isizidi urefu wa kiganja na nusu. Fyuzi iliyowekwa kule kwenye taa hailindi kitu. Waya ukichubukia kwenye chasisi katikati ya safari, moto utawaka kabla ya fyuzi kupata habari. Rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme, ya miguu minne inafungwa hivi: mguu 30 unapokea moto wa betri uliopitia fyuzi, 87 unapeleka kwenye taa, 85 na 86 ni vya koili inayoiamsha rilei.

Na hapo kwenye koili ndipo Toyota inapowacheka mafundi. Mteja anataka taa za ngao ziwake pamoja na fulu. Fundi anachukua waya wa fulu nyuma ya balbu, anaupeleka 86, na 85 anaipiga ethi, yaani kwenye bodi ya gari, kama alivyozoea. Usiku ukifika, taa za ngao zinawaka kwenye dimu na kuzimika ukipiga fulu. Kinyume kabisa. Anabadilisha rilei, anabadilisha swichi, anasema taa ni feki.

Taa si feki. Toyota nyingi za aina hii, taa za mbele hazikatwi upande wa moto, zinakatwa upande wa ethi. Mguu wa balbu unaotumiwa na dimu na fulu kwa pamoja unapata volti 12 muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi ya usukani inachofanya ni kuuvuta waya wa dimu au wa fulu kwenda ethi. Ukiwa kwenye dimu, waya wa fulu unaning'inia, na moto unaupitia uzi wa balbu kuja kwenye koili yako. Uzi una ukinzani mdogo mno, koili ina mkubwa, kwa hiyo koili inapata karibu volti zote na rilei inaamka. Ukipiga fulu, waya uleule unakuwa ethi. Koili ina ethi pande zote mbili, inalala.

Kujua gari lako ni la namna gani, chomoa plagi ya balbu ya H4 na uwashe taa. Weka multimita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye bodi, pima miguu mitatu ya plagi, kisha badili dimu na fulu upime tena. Volti 12 zikihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine na hakuna mguu unaobaki nazo muda wote, ni mfumo wa kawaida. Kukiwa na mguu wenye volti 12 muda wote, kwenye dimu na kwenye fulu, gari linakatia upande wa ethi, na koili ya rilei inafungwa kati ya mguu huo wenye moto na waya wa fulu. Ethi ya bodi haiguswi. Ukiwa na multimita mkononi, pima na betri zenyewe: Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani, hasa za zamani, baadhi ni za volti 24, na rilei ya 12 humo haimalizi safari.

Viungo vya waya visisokotwe. Joto la hapa linalainisha gundi ya tepu nyeusi, inateleza kama ngozi ya ndizi, na chumvi inapenya. Shaba inageuka kijani, na ukijani huo unatembea ndani ya ganda hatua kwa hatua. Ndiyo maana waya unaonekana mzima nje lakini taa inafifia. Ukikuta hivyo, kata hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, hata kama ni nusu mita. Bana terminali kwa koleo lake, siyo kwa pulaizi, na vika mrija unaonywea kwa moto, ule wenye gundi ndani. Anayepata waya wa mashua, ambao shaba yake imepakwa bati, na autumie. Ethi piga kwenye bodi iliyokwanguliwa hadi chuma, kaza, ndipo upake grisi juu. Ngao iliyopakwa rangi ya unga si ethi.

Winchi ni suala la nyaya pia. Ya paundi 9,500 ikivuta kwa nguvu zote inaweza kula ampea 400, hivyo inaenda moja kwa moja kwenye betri kwa kebo zake, injini ikiwa inawaka. Kamba ya chuma ya kuvutia usiitoe yote kwenye pipa. Mizunguko mitano ibaki.

Uzito nao unapuuzwa kwa sababu unapanda kidogokidogo. Galoni la lita 20 za dizeli ni kilo 17, na lenyewe la chuma kilo 4 hivi. Ukipanga manne kwenye keria, umeweka kilo 84 juu ya kichwa chako, bila tairi la akiba, bila hema. Kwenye kona za kutoka Mombo kupanda Soni kuelekea Lushoto, mzigo huo unalivuta gari upande wa bondeni. Mafuta na maji viwe chini, nyuma ya siti, vimefungwa mikanda. Juu weka vyepesi: turubai, magodoro. Ningependa kusema keria yenyewe haina haja kwa wengi, ila najua sitasikilizwa.

Ngao, winchi na keria vikishafungwa, gari linainama, na mwenyewe anataka springi ndefu. Inchi mbili zinaonekana vizuri sana, lakini kwa hardtop na pikapu za tangu 1999, ambazo mbele zina springi za koili na nyuma za pleti, kila inchi unayoinua mbele inapunguza takriban digrii moja ya mlalo wa kastaa, ule unaorudisha usukani kati wenyewe. Ukiinua inchi mbili usukani unaanza kuogelea, na alaimenti ya kawaida hairekebishi, maana kastaa haina sehemu ya kurekebishia. Zinahitajika bushi za kastaa zenye tundu la pembeni. Angalia pia mipira ya breki: gari likiwa kwenye jeki na akseli inaning'inia, mpira usivutike ukanyooka.

Nyuma kuna fimbo nyembamba inayounganisha akseli na vali ya breki kwenye chasisi. Vali hiyo inasoma mzigo: gari likishuka, inaongeza nguvu ya breki za nyuma, likinyanyuka, inapunguza. Umeinua springi, fimbo inadhani gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma zinalala hata ukiwa umepakia. Inua kishikizo cha fimbo kilicho kwenye akseli kwa kiasi kilekile ulichoinua gari. Ni bati la milimita 50 na bolti mbili.

Yubolti za pleti zikifunguliwa zisirudishwe. Zimeshavutika, weka mpya. Bolti za bushi zisikazwe gari likiwa hewani. Ziingize, teremsha gari likae kwa magurudumu yake, litikise, ndipo ukaze kwa torki spana. Ukizikaza hewani, mpira wa bushi unashikwa ukiwa umejikunja, gari likishuka unasokoteka, na miezi michache baadaye unakatika, halafu lawama inaangukia bushi za Kichina. Baada ya kilomita 500 kaza yubolti tena.

Bado kuna vitu vidogo vya chini ambavyo maji na mchanga vinavila bila kelele. Krosi za propela, vile viungo vya msalaba vya shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, zipigwe grisi mara tu baada ya kupita maji marefu, usisubiri sevisi: piga hadi grisi ya zamani itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Ikitokeza kwenye kikombe kimoja tu, sindano za vingine ni kavu. Na kama unaitenganisha propela kwenye kiungo chake cha kuteleza, chora mstari wa chokaa au piga alama ya patasi pande zote mbili kwanza. Ikirudi imezunguka jino moja, gari litatetemeka na utalaumu matairi.

Kwenye akseli ya mbele, angalia tufe la chuma nyuma ya gurudumu. Filamu nyembamba ya grisi juu yake ni afya. Ukiona mchuzi mweusi mwepesi unadondokea ndani ya tairi, sili ya ndani ya akseli imekufa na oili ya difu inaoshea grisi ya CV jointi. Usijaze oili tu na kuendelea.

Kufungua habu, kitovu cha gurudumu, kunawashinda wengi kwa sababu ya koni. Nati sita za flenji zikitoka, flenji haichomoki, watu wanaleta bisibisi na kuibanja mpaka ukingo unavunjika. Kila stadi ina koni iliyopasuka upande mmoja, imebana kati yake na flenji. Chukua nyundo na kipande cha shaba, gonga uso wa flenji kati ya stadi na stadi, siyo stadi yenyewe, na koni zitaruka moja moja. Kabla ya kugonga, rudisha nati kwa uzi mbili tatu ili koni zisirukie majanini. Ndani, nati ya beringi inataka soketi ya 54. Patasi na nyundo zinaikaza, ndiyo, na zinaacha vipande vya chuma ndani ya grisi.

Beringi zikishaoshwa kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi mpya kwa kiganja, hadi ichomoze upande wa pili kati ya rola, kaza nati huku ukizungusha habu pande zote mbili, ilegeze, kaza tena taratibu. Gurudumu lizunguke na uzito kidogo, na ukilishika juu na chini na kulitikisa lisicheze. Funga nati ya pili, kunja washa, halafu jaribu tena kutikisa, maana nati ya pili huwa inasukuma ile ya kwanza.

Endesha hadi Pongwe na kurudi bila kukanyaga breki kwa nguvu. Ukisimama, weka kiganja kwenye habu ya kulia, kisha ya kushoto. Joto linatakiwa lilingane. Ikiwa moja inakufanya utoe mkono, hiyo ndiyo ya kufungua tena.